Waya Mbili za Kantengwa

Niseme mapema, mtu asije akanikaba baadaye: ufunguo wa stoo aliotumia Kantengwa nilimpa mimi. Kama ule ulikuwa wizi, basi nilikuwa mwizi mwenzake. Kamati ya zahanati iliniandikia barua ya onyo, na barua hiyo ninayo mpaka leo. Nimeiweka kwenye bahasha moja na cheti changu cha ukunga, kwa sababu vyote viwili nilivitolea jasho.

Jina langu ni Stephania. Nililetwa Nyaishozi mwaka 1984 kuwa nesi wa zahanati iliyokuwa kilimani, kando ya barabara. Kantengwa alikaa ng'ambo ya bonde. Ukisimama barazani kwetu asubuhi ulikuwa unauona moshi wa jiko lake ukitoka katikati ya migomba, na mgeni angeapa kwamba ni mwendo wa dakika kumi. Mgeni huyo angekoma. Unateremka kwenye mibuni, unaingia kwenye mafunjo, unavuka daraja la magogo, halafu unapanda mlima unaokutoa roho. Mtu mwenye miguu yake alitumia saa nzima na nusu. Mvua zikinyesha daraja lilizama, na hapo ilibidi kuzunguka kwa barabara, nusu siku.

Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye shingo ya watu wa kwao. Mama yake alivuka naye mpaka kutoka Rwanda akiwa na miaka sita, na tangu hapo hakuwahi kuishi pengine. Aliolewa hapa, akafiwa na mume hapa, akazika hapa watoto wawili waliokufa siku ile ile ya kuzaliwa. Bado kulikuwa na watu waliomwita mtu wa kuja. Alipoitwa hivyo alijibu, "Nimeshakuja. Wewe unangoja nini kuzoea?"

Kazi ya waya aliijua kwa njia ya chungu. Mwaka 1980, vita vimekwisha, mafundi walikuja kusimika nguzo za simu kando ya barabara, wakamchukua awapikie vibarua ndizi na maharage. Kantengwa hakuwa mtu wa kupika huku anaangalia sufuria tu. Siku moja kibarua mmoja alishikwa na malaria, yeye akaweka mwiko chini, akashika upande wa pili wa roda, lile gurudumu la kuviringia waya. Msimamizi wao, mzee mmoja aitwaye Mbonimpa, alicheka mpaka akakohoa. Baada ya kilometa mbili akaacha kucheka, akatafuta mpishi mwingine. Miezi saba Kantengwa alitembea na watu wale. Alirudi nyumbani anajua kumenya waya bila kuukata, kuunga ncha mbili zikashikana, na kufunga kiungo kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili maji yasiingie.

Baada ya hapo akawa mkunga. Hakuna aliyemteua. Wanawake wa vibarua, wengi wao Wanyarwanda na Warundi waliolima mashamba ya watu, walikuwa wanazalia kwake kwa sababu aliwapokea bila kuwauliza walitoka wapi. Nilipofika nilimwita zahanati, nikamfundisha kupima, nikampa glavu na nyembe, tukakubaliana jambo moja: akiona damu nyingi, au mtoto amekaa vibaya, aniite, nami nitakuja na Landrova yetu kuukuu.

Aniite vipi? Ndiyo mwanzo wa habari yenyewe.

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa Mzee Rweyemamu. Kibanja chake, shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, kilikuwa juu ya kile cha Kantengwa, kama hatua mia mbili tu. Nampa haki yake: alikuwa mchapakazi, kahawa yake ilikuwa safi, na zahanati ilipoezuliwa na upepo ni yeye aliyehangaikia mabati. Lakini alipenda kuwa wa kwanza kuwa na kitu, na zaidi ya hapo alipenda awe peke yake. Mwaka 1985 wafadhili walituletea simu tatu za kuzungusha mpini, zile za sanduku la mbao zenye betri ndani. Rweyemamu akanunua kebo kwa kahawa yake mwenyewe, akaivutisha juu ya nguzo za mikaratusi kutoka zahanati, juu ya mafunjo, hadi sebuleni kwake. Simu moja ikakaa mezani kwangu, ya pili kwake. Ya tatu ikabaki stoo ndani ya boksi lake.

Alisema mwenyekiti lazima apatikane, na kwamba yeye ana presha. Yote mawili yalikuwa kweli. Kila asubuhi simu ililia, naye akaniuliza, "Nesi, mmeamkaje hapo?" Tulikuwa tumeamka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya simu kwa mwaka mzima.

Mwezi wa kumi na moja, 1986, Nyirabageni, mmoja wa wale wanawake wa vibarua, alishikwa na uchungu kwa Kantengwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, daraja limezama. Mtoto alitoka mfu, na damu haikukatika. Kantengwa alimwachia jirani amkande tumbo, akapanda mbio hatua zile mia mbili hadi kwa Rweyemamu kupiga simu. Rweyemamu alikuwa amekwenda Bukoba. Sebule ilikuwa imefungwa na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Mke wake alilia pale mlangoni, akasema hana ruhusa ya kuvunja.

Kantengwa akaichungulia ile simu dirishani, kupitia nondo. Aliniambia hivyo baadaye: "Niliiona, nesi. Ilikuwa na kitambaa cha kudarizi juu yake."

Nyirabageni alikufa kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nimekaa mezani kwangu, simu mbele yangu, nafunga pamba. Sijawahi kusamehe ile pamba.

Baada ya matanga Kantengwa alikuja zahanati kwa miguu. Hakukaa. Alinisalimia, akaenda moja kwa moja ukutani mahali kebo ilipoingilia, akatoa wembe, akaanza kuichuna ganda lake la nje polepole, kama anayemenya ndizi mbivu.

"Unafanya nini wewe!" nilipiga kelele.

"Natazama."

Ndani ya ganda mlikuwa na waya nne: nyekundu na nyeusi zimesokotana, ya buluu na nyeupe zimesokotana. Nyekundu na nyeusi zilikuwa zimefungwa kwenye simu yangu. Ile buluu na nyeupe zilikuwa zimekunjwa nyuma, hazijaguswa, hazina kazi.

"Simu moja inataka waya mbili tu," alisema. "Hizi nyingine zimevuka bonde lote, zimelala kwenye nguzo mwaka mzima, hazijabeba hata neno moja. Na Nyirabageni amekufa." Hapo ndipo alipogeukia ukuta.

Kwanza alifuata njia ya heshima; nalitaja maana watu wakimsema hilo wanalisahau. Alikwenda kwa Rweyemamu, akapiga magoti, akasema shikamoo, akaomba zile waya mbili zisizotumika. Kutoka kwenye nguzo ya mwisho, iliyokuwa uani kwa mzee, angevuta waya wake mwenyewe hadi kwake. Simu ya mwenyekiti isingepungukiwa na kitu.

"Kebo ni moja," Rweyemamu alimjibu, "na ni yangu."

"Kebo ni moja, waitu, mzee wangu, lakini njia ni mbili."

"Nikikupa wewe leo, kesho kila mtu wa kuja atataka kuning'inia kwangu."

Kantengwa akainuka, akajipangusa magoti. "Basi nimekwisha kuomba," alisema. Nadhani mzee alielewa kwamba amekubali. Alikuwa hamjui.

Siku ya Jumanne, wakati Rweyemamu yuko kwenye mnada wa ng'ombe, nilimpa Kantengwa ufunguo wa stoo. Nilijua ninachofanya. Tulitoa ile simu ya tatu, tukaifuta vumbi, akaibeba kichwani kwa kitambaa cha kanga kama mtu anayetoka kununua sabuni. Kwangu alileta zile buluu na nyeupe hadi kwenye swichi ndogo aliyoitengeneza kwa misumari miwili na kipande cha bati: nikisukuma huku nasikia kwa Rweyemamu, nikisukuma kule nasikia kwa Kantengwa. Ng'ambo alipanda nguzo ya uani kwa mzee mchana kweupe, mke wa mzee akimtazama. Mama yule aliingia jikoni akaanza kutwanga kwa kelele, nafikiri kwa makusudi.

Saa tisa simu ililia. Nikainua mkonga.

"Nesi," sauti ilisema, mbali lakini safi, "mmeamkaje hapo?"

Nilicheka mpaka mgonjwa wa kidonda akaniuliza kama niko salama.

Miezi mitano waya zile zilifanya kazi yake. Sikuandika kila kitu, lakini wanawake sita walifika hospitali wakiwa hai, na mmoja wao ndiye siku hizi anayeuza vitumbua pale njiapanda, tena kwa mdomo mchafu kuliko wote. Kosa lilikuwa dogo, na lilikuwa la Kantengwa mwenyewe. Yeye alikuwa msusi wa vikapu, na msusi hawezi kuona nyuzi zilizosokotana akaziacha. Alipopitisha waya zake kando ya ua wa mzee alizifumua msokoto, akazinyoosha, akazilaza sambamba na za Rweyemamu, zikapendeza kama ukingo wa kikapu cha harusi. Hakujua kwamba ule msokoto ndio uliozuia mlio wa simu moja usihamie kwa nyingine. Ikawa kila anapozungusha mpini wake, kengele ya Rweyemamu inatoa kilio chembamba. Mzee alidhani ni panya. Kisha siku moja aliinua mkonga, akasikia kwa mbali sauti ya Kantengwa inaniambia njia ya uzazi imefunguka vidole vinne.

Alikuja zahanati amevaa koti la mikutano.

"Nesi, simu ile imetoka wapi?"

"Stoo," nilisema.

"Nani aliitoa?"

"Mimi."

Alitarajia nibabaike. Sikubabaika. Ndipo barua ya onyo ikaandikwa, na Kantengwa akapewa siku saba aondoe waya zake. Alimrudishia mjumbe jibu kwa mdomo: "Mwambie siku saba ni nyingi, asijisumbue kungoja. Siondoi."

Siku ya nane, asubuhi, Rweyemamu alichukua muhoro, lile panga lenye ncha iliyopinda tunalokatia majani ya migomba. Akaweka ngazi kwenye nguzo ya uani, akapanda kukata waya za Kantengwa. Lakini pale juu, mahali kebo inapofikia, zote nne zilikuwa bado ndani ya ganda moja. Hakushuka kufikiri. Alipiga mara moja tu, akakata kebo nzima, yake na ya mwenzake.

Wakati huo huo Placidia, mke wa Protase, alikuwa kwa Kantengwa, damu zinamtoka na mtoto hajashuka.

Kantengwa alizungusha mpini. Simu za aina ile, njia ikiwa nzima, mpini una uzito, unahisi kama kuna mtu anakushika mkono upande wa pili. Uliteleza tu, mwepesi. Hakuhitaji kuambiwa. Alimwachia mama mkwe wa Placidia kazi ya kukanda, akashika wembe, akapanda.

Rweyemamu alikuwa bado chini ya nguzo, muhoro mkononi, anaitazama kebo iliyoning'inia. Haya niliyasikia kwa Kantengwa, kwa mke wa mzee, na miaka mingi baadaye kwa mzee mwenyewe, na wote watatu walisema sawa.

"Ukigusa nakukata mkono," alisema.

"Kata," Kantengwa alimwambia, huku anapanda ngazi. "Ninao mwingine. Placidia anavuja damu kwangu. Nyirabageni ulimfungia mlango ukaondoka na ufunguo. Huyu hutamfungia kitu."

Muhoro haukuinuka. Kantengwa alizishika zile ncha. Wembe ulimponyoka ukaanguka kwenye majani, hakushuka kuutafuta, akamenya waya kwa meno. Alivunja kipande cha jino la mbele, na pengo lile alikuwa nalo mpaka mwisho. Aliunga ya buluu kwa buluu, nyeupe kwa nyeupe, akazifunga kwa utepe aliochana kwenye upindo wa kanga. Nyekundu na nyeusi aliziacha zinaning'inia pua kwa pua, hazigusani.

Mezani kwangu kengele ililia. "Njoo," alisema, basi. Nilikuwa kwenye gari kabla mkonga haujatulia. Daraja siku hiyo lilikuwa juu ya maji, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini Mungu hakuziunga zile waya. Placidia alipasuliwa hospitali kabla ya saa nane mchana. Mtoto wa kike, mama mzima.

Sasa kulikuwa na simu moja tu ng'ambo ya bonde, na haikuwa ya mwenyekiti.

Alijaribu kuunga mwenyewe. Alipanda, akachukua zile waya zote nne, zake na zile alizokwisha kuunga Kantengwa, akazikusanya pamoja akazifunga fundo moja kubwa, kama tunavyofunga mzigo wa majani kwa ukambaa wa mgomba. Simu zote zikafa. Mpini wangu uligoma, mzito kama kinu chenye mawe. Kantengwa akapanda tena, akafungua lile fundo, akaunga zake mbili, akaacha za mzee vile vile. Mzee alikuwa amekaa barazani anamwona.

Nilimpigia Kantengwa. "Muungie na yeye," nilisema. "Umeshinda, basi."

"Sikushindana naye," alijibu. "Nikimuungia leo bure, akikasirika kesho atapanda tena na muhoro. Akitaka, anajua nyumba yangu ilipo."

Ilichukua siku kumi. Presha ilikuwa inamsumbua na asubuhi zilikuwa ndefu bila mtu wa kumuuliza ameamkaje. Siku ya kumi na moja Kantengwa alinipigia: "Njoo uwe shahidi. Amesema atakuja."

Alikuja na kofia mkononi. Kantengwa alimpokea vizuri, akamwekea kiti, akamsalimia kwa magoti kama siku ile ya kwanza. Kwetu mgeni akifika huletewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa zikakaushwa, ndani ya kikapu kidogo. Kantengwa hakuleta kikapu. Alitoka nje, akachuma tunda moja jekundu la mbuni kwenye mti wa mlangoni kwake, akaingia, akaliminya mbele yetu. Zikatoka buni mbili, akaziweka kwenye kiganja.

Rweyemamu alirudisha kiti nyuma. Mimi pia. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Watu wawili wakitafuna buni mbili za tunda moja, zilizopakwa damu zao, wamekuwa ndugu. Huo ndio omukago. Baada ya hapo hakuna kunyimana, hakuna kuumizana, na watoto wa mmoja ni watoto wa mwingine. Lakini ni jambo la wanaume kwa wanaume. Sijawahi kusikia mwanamke akimwekea mwanaume, achilia mbali mwanamke wa Kinyarwanda kumwekea mwenyekiti.

"Kwetu tulikunywa damu kwenye maziwa," Kantengwa alisema, "kwenu mnatafuna kahawa. Nimekaa hapa miaka ishirini na sita, nitafanya kama kwenu."

"Huna wembe," mzee alisema kwa sauti ndogo.

"Sitakuchanja. Damu ya Nyirabageni inatutosha wote wawili."

Kuku alipita sebuleni, akatoka. Mzee aliangalia kile kiganja muda mrefu mno, nami nikaona machozi yanamjaa, nikatazama pembeni kwa sababu alikuwa mzee na nilimheshimu hata siku ile. Akanyoosha vidole, akachukua buni moja, akaitia mdomoni. Mbichi ni chungu. Alitafuna yote, akameza.

Kantengwa akatafuna ya kwake. Kisha akachukua ngazi, akaenda kuunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na safari hii akausokota tena upya ule mstari wote wa uani, wake na wa mzee, kila jozi peke yake, kengele zisiingiliane. Kesho yake asubuhi simu ililia upande wa Rweyemamu. "Nesi, mmeamkaje hapo?" Kisha akauliza, "Na dada yangu, ameamkaje?"

Walizozana bado, usifikiri. Walizozania mipaka ya migomba, walizozania mbuzi. Lakini kebo ile haikuguswa tena. Mwaka 1994, watu walipomiminika kutoka Rwanda, ng'ambo ya mto, na wanawake wakawa wanazaa hata kando ya barabara, zile waya mbili hazikupumzika wiki hata moja, na wakati mwingine Kantengwa akizidiwa, mzee mwenyewe ndiye aliyenipigia kwa zile zake: "Nesi, dada anasema lete gari."

Mzee Rweyemamu alifariki Agosti 1996. Wiki mbili baada ya maziko, watoto wake wa kiume walikuja kutoka Mwanza kugawana vitu. Mkubwa wao, Yustus, alikuwa na roda tupu kwenye pikapu. Kebo nzuri, alisema, itafaa kwenye duka lake.

Nilijua kwa sababu simu yangu ililia saa tano asubuhi, nikainua, na Kantengwa hakuniambia kitu. Aliuweka tu mkonga wazi juu ya mkeka mlangoni, nikasikia nyayo, nikasikia ngazi inaegemezwa kwenye nguzo ya waya zake pale nje.

"Shikamoo, mama," sauti ya Yustus.

"Marahaba. Mimi si mama. Mimi ni shangazi yako. Baba yako alitafuna pale ulipokanyaga."

Alikuwa amesikia habari ile, hakuna mtoto wa nyumba ile ambaye hakuisikia.

"Shangazi, kebo aliinunua baba. Ni urithi wetu."

"Sikatai," Kantengwa alisema. "Ndani yake mna waya nne. Nyekundu na nyeusi ni za baba yenu. Zichukueni. Buluu na nyeupe ni zangu. Hizo ziacheni hapo hapo zilipo, kutoka hapa hadi kwa nesi, juu ya mafunjo."

Nilingoja. Nilimsikia Yustus anapanda ngazi. Nadhani alikuwa anazifuata kwa macho waya za shangazi yake hadi kwenye kebo uani kwao, ganda moja, waya nne zimelaliana kilometa tatu nzima, anatafuta mahali pa kuzitenganisha. Alikaa juu kule muda. Kisha ngazi ikashuka, ikaburutwa, na mlango wa pikapu ukafungwa.

"Shangazi, tubariki tuondoke," alisema.

Akawabariki. Gari likaondoka. Kitu kikagusa mkonga, sauti yake ikaja karibu.

"Umesikia, nesi?"

"Nimesikia yote."

"Basi washa gari. Placidia yuko ndani tangu alfajiri, na huyu amekaa vibaya."